Maiki ya Mama Mkwe

Ujiji,
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mume wangu Elikana,

Nakusalimu kutoka kitandani, mahali ambapo daktari ameamua ndipo makazi yangu mpaka mtoto azaliwe. Mimi sijambo, mtoto anapiga mateke, na dada yako Rahabu ananilisha uji na kunikemea nikiinua hata ndoo tupu. Kwa hiyo usiwe na hofu na huku. Hofu yote iweke kwa Mama.

Ningepiga simu, lakini tangu mnara wa huko Mwamgongo ufe tumebaki na barua na boti. Katika mfuko aliokukabidhi nahodha kuna ile maiki ndefu ya kupachika juu ya kamera, shotigani. Rahabu alikwenda dukani kwa Hamdani pale Mwanga akiwa na maelekezo yangu, na Hamdani akajaribu kumpa ile fupi, eti ndiyo wanayochukua watu wa harusi. Nimeikataa. Hii ndefu inasikiliza mbele tu, inachoelekezewa ndicho inachokamata, ya pembeni inayapuuza. Na nyumbani kwetu unakujua: huku injini za boti, huku mafundi wa mitumbwi na nyundo zao, huku ziwa lenyewe. Maiki ya ndani ya kamera inasikia kila kitu kama jirani mmbeya.

Ivishe lile koti la manyoya, mwezi huu Rukuga inavuma kutwa na upepo huo hauna adabu. Ina betri yake yenyewe. Usiiache kamera ijipangie sauti, panga kwa mkono.

Elikana, najua umenisikia nikisema mara nyingi, lakini nikiandika napumua. Daktari alisema wakishamfungua Mama koo kwa upasuaji huenda sauti ikarudi, na huenda isirudi. Alisema "huenda" kama mtu anayeongelea mvua. Alhamisi ya wiki ijayo mtashuka Kibirizi na kupanda basi la Mwanza moja kwa moja, na mimi sitaruhusiwa kwenda hata kumpungia mkono. Sitaki hotuba. Nataka atuite. Nilishakwambia, pale pwani jioni kila mama anaita wanawe na majina yanagongana, hivyo Mama alimtungia kila mtoto wito wake, sauti tupu isiyo na jina. Wangu unaanzia chini unapanda. Wa Bariki ni mfupi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wa marehemu Samson aliuacha tangu tumzike, huo usimwombe.

Nataka mtoto huyu asikie bibi yake alivyokuwa akiita. Basi.

Mkeo,
Scola


Mwamgongo,
Jumatano, 10 Julai 2024

Mke wangu mpendwa Scola,

Mwakeye, kama wasalimiavyo huku. Nimepokea maiki salama. Ni nzuri kwa kuitazama, mpira wake unazuia mtikisiko vizuri, ila ni ndefu kiasi kwamba ncha yake inaingia kwenye picha nikivuta lenzi nyuma. Nimelitatua hilo.

Mama anaendelea vizuri. Anakula uji na mchuzi wa dagaa. Kila mtu hapa anauliza habari zako.

Nilirekodi jana asubuhi. Mama alizungumza na Mama Veneranda, jirani yake, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alicheka, alisimulia siku uliyozaliwa, na mwisho akaita wito wako. Kwa bahati mbaya hali ya upepo haikuwa nzuri na sauti haifai. Nakutumia kadi uangalie picha, mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri sana. Nitarudia kesho.

Uliza kwa Hamdani kama ile fupi bado ipo.

Wako,
Elikana


Ujiji,
Alhamisi, 11 Julai 2024

Elikana,

Upepo una sauti. Nimesikiliza sauti za harusi miaka minne kwenye kompyuta hii hii, upepo naujua kama ninavyokijua kikohozi chako. Kadi hii haina hata upepo. Haina nyundo, haina kuku, haina kitu. Mama anafumbua mdomo, anacheka, anaweka kiganja kando ya kinywa anapoita, nami naona mshipa wa shingo unavyotoka, na sisikii chochote.

Nimeitazama mara tatu. Rahabu akaninyang'anya spika za masikioni.

Nini kilitokea? Niambie kilivyo. Nakutumia na ile fupi.

Scola


Mwamgongo,
Jumamosi, 13 Julai 2024

Scola,

Sikuiwasha.

Maiki ile ndefu ina swichi yake ubavuni, na koti la manyoya linaifunika. Niliwasha kamera, nikaona picha, nikapanga mwanga, nikaangalia kila kitu ila hicho. Na ukishachomeka maiki ya nje, ile ya ndani inazimika. Niligundua Mama alipokwisha kwenda kulala. Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka mbu wakanitoa. Niliandika upepo kwa sababu sikuweza kuiandika kweli, na daktari alisema usipewe mshtuko. Nisamehe.

Tangu siku ile nimerekodi mara mbili, mara moja kwa ndefu na mara moja kwa fupi, zote nikiwa na spika masikioni. Sauti imeingia, lakini ni mbovu. Nyundo za mafundi ziko juu, Mama yuko chini, kama anaongea ndani ya mtungi. Nimeongeza sauti kwenye kamera na kinachoongezeka ni mvumo. Sielewi. Maiki nimeielekeza kwake barabara, na nimekaa mahali pa heshima. Nadhani zote mbili zina hitilafu. Muulize Hamdani kama ana nyingine, iliyo ndefu zaidi, inayovuta kutoka mbali.

Sasa nikueleze hili, maana nimeahidi kusema kilivyo. Sauti yake inashuka. Asubuhi ipo, adhuhuri inakuwa ya kukwaruza, jioni ananong'ona na Mama Veneranda ndiye anayetusemea. Na mimi hanisemeshi kabisa. Nikitokea na kamera anageuka. Nilijua tangu posa kwamba hakunipenda, mtoto wa kule Katonga ambaye babu yake alivuka kutoka Kongo na nyavu begani. Nilidhani miaka imelainisha. Labda amenyamaza kwa sababu anayemrekodi ni mimi. Ungekuwa wewe angeongea mpaka kadi ijae.

Kadi ziko kwenye mfuko wa dagaa. Usimwambie Rahabu kuhusu swichi.

Elikana


Ujiji,
Jumapili, 14 Julai 2024

Mume wangu,

Rahabu nimemwambia. Amecheka mpaka akaunguza uji, halafu akalia, halafu akasema nikwambie yeye angefanya hivyo hivyo.

Nimesikiliza kadi zote mbili. Maiki ni nzima, ndefu na fupi. Zinasikia vizuri sana kile kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni karakana ya mitumbwi! Kila msumari nauhesabu. Sauti ya Mama naisikia inavyogonga ukuta na kurudi, kwa sababu hasemi kuelekea kwako, anasema kuelekea ukutani. Na kwenye picha safari hii hukumvuta kwa lenzi, nikamwona mdogo kama kidole. Nikajiuliza, kamera iko wapi? Ndipo nikasoma tena barua yako, "mahali pa heshima".

Elikana, umekaa wapi? Kwenye ule mti wa mchungwa? Nyuma ya jiko? Umepiga picha ya mama yangu kupitia mlango wa jiko, sivyo?

Nimecheka na tumbo likakaza mpaka nikaogopa. Mimi ndiye mjinga. Nilimtuma mpiga picha, nikasahau kwamba nimemtuma mkwe. Wewe unakaa mbali ili usimtazame usoni, na yeye anageukia ukuta ili asikutazame wewe, na katikati mmeweka maiki mnaitupia lawama. Nyie wawili mtanipotezea sauti ya mama yangu kwa adabu. Hakuna maiki ya kuvuta adabu, hata kwa Hamdani. Hii ya juu ya kamera, iwe ndefu iwe fupi, haivuti sauti kutoka mbali. Inapunguza kelele za pembeni tu. Kitu cha kufanya ni kuisogeza.

Na hakunyamaza kwa chuki. Mama akimchukia mtu humtazama moja kwa moja. Muulize mwalimu wangu wa darasa la nne.

Sikiliza sasa, tafadhali, muda unatuishia. Tumia ile fupi. Haina betri wala swichi, kamera ikiwaka nayo imewaka, hakuna cha kusahau, na kamera haitakuwa na mtu. Mama akae kibarazani upande wa mlimani, nyumba ikinge upepo. Kamera iwe karibu, mkono wake ukinyooka uiguse. Sauti ipange chini kidogo, maana akiita itapasuka. Karakana iwe nyuma ya kamera, si mbele. Ivishe koti. Bonyeza, halafu ondoka. Usijifiche nyuma ya jiko, atajua. Shuka pwani kabisa. Mama Veneranda akae pembeni, aniite mimi kwa jina kana kwamba nipo ndani ya hiyo lenzi.

Asubuhi, Elikana, kabla sauti haijaisha. Na kama sauti imekwisha, usiniandikie kwamba ni upepo.

Scola wako


Mwamgongo,
Jumanne, 16 Julai 2024

Scola,

Ulikuwa mchungwa.

Nimefanya kama ulivyosema. Jana hakuamka na sauti kabisa, nikajua nimechelewa, sikula kutwa. Leo alfajiri Mama Veneranda akaja mbio kuniambia, "Ipo, ipo kidogo, fanya haraka." Niliwaomba mafundi, wakaweka nyundo chini bila kuuliza. Fundi mkubwa alisema Mama aliwahi kumchapa kwa kuiba machungwa, hivyo ana deni la kukaa kimya.

Nilipachika maiki fupi, nikaipima kwa sauti yangu mwenyewe, nikaivalisha koti. Nilikagua mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima. Mama alikuwa bado ndani. Nikabonyeza, nikaona alama nyekundu, nikashuka pwani.

Kina mama walikuwa wanageuza dagaa kwenye vichanja. Nikajiunga nao, maana nilitaka kazi. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Nikaanza kuwaza kwamba betri ya kamera imekufa, kwamba kadi imejaa, kwamba mbuzi wameiangusha. Halafu nikasikia wito wako. Huo naujua, unauimba ukiosha vyombo. Ukafuata wa Bariki, ule wa mwiba. Kisha ukaja mwingine, unaokatika katikati, na kina mama wote wakainua vichwa na kusimama wima, mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Nadhani ulikuwa wa Samson. Sikuuomba, Scola, naapa.

Baada ya hapo aliita wa nne. Sauti fupi mbili na ndefu moja. Akanyamaza, akaita tena, akanyamaza, akaita mara ya tatu na sauti ikamkatikia njiani. Nadhani alikuwa anamwita mtoto wa jirani. Niliangaza huku na huku, hakuna mtoto aliyekimbia kupanda. Nikaona huruma, nikaendelea na dagaa.

Niliporudi alikuwa ameshaingia ndani. Jioni hii hana sauti hata ya kunong'ona.

Kadi sijaisikiliza. Nilitazama tu ile mistari ya sauti inavyopanda na kushuka, nikaona imepanda inavyotakiwa, nikazima. Yaliyomo ni yenu. Alhamisi tunatoka na boti ya asubuhi.

Ninaogopa kukuuliza kama imefaa.

Elikana


Ujiji,
Jumatano, 17 Julai 2024

Elikana mume wangu,

Imefaa. Imeingia safi mpaka nasikia bangili yake. Acha kila unachofanya usome hii, nimemwambia nahodha aiweke mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Mwanzo ananisema mimi, kwamba nile, kwamba nisikalie kigoda kifupi. Halafu anakusema wewe. Nakunakilia kama alivyosema, nimesikiliza nikisimamisha na kuandika:

"Scola we, huyu mume wako ananikimbia kama nina ndui. Wiki nzima yuko kwenye mchungwa. Nikitoka anageuka, akigeuka nami nageuka, tumekuwa kama jogoo wawili. Mwambie chakula anachokula kwangu ni kidogo, ananiaibisha. Mwambie nimeona anavyonichotea maji kabla sijaamka, anafikiri sijui. Sasa sikia. Huyu nilimwekea wito tangu mwaka ule mlipooana. Sijapata mahali pa kuuitia. Mkwe huwezi kumwita jina, huwezi kumwita usoni. Lakini wito hauna jina, na anayeitwa yuko mbali, haonekani. Leo yuko pwani. Ngoja nimwite."

Kisha anatuita, mimi, Bariki, na Samson pia. Sikujua kama ningeweza kuusikia huo nikabaki mzima. Nimebaki. Halafu fupi mbili na ndefu moja.

Ni wewe, Elikana. Ni wako.

Mama haiti mara tatu. Sisi tulikuwa tukiitika mara ya kwanza, hata kama umo majini mpaka shingoni, unapiga kelele "Nakuja!" naye ananyamaza. Kwenye kadi baada ya mara ya tatu kuna kimya, nasikia pumzi yake tu, na Mama Veneranda anasema, "Hajakusikia, dada." Mama anasema, "Amesikia. Hajui kuwa ni wake." Na hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyomo, baada ya hapo ni kuku.

Kesho anaanza safari na keshokutwa wanamfungua koo. Sijui atarudi na nini. Nina hofu mpaka meno yananiuma. Asiondoke akiwa hajaitikiwa. Fanya unavyoweza, kwa adabu au bila adabu.

Scola


Kibirizi,
Alhamisi, 18 Julai 2024

Mke wangu,

Basi linapakia. Simu sasa inashika, lakini Mama amekaa nyuma yangu na haya siwezi kuyasema akisikia. Rahabu amekuja kutupokea, atakuletea.

Boti iliyoleta barua yako ndiyo iliyotuchukua. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa na Mama ameshapanda, amekaa mbele, ameipa pwani mgongo, shingo ameifunga kitenge. Nilisomea barua majini, maji yakiwa magotini. Watu wakaniambia nipande. Sikupanda. Nikarudi mbio mpaka kwenye vichanja, pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Nakuja, Mama! Nakuja!"

Pwani nzima ilicheka. Mafundi waliacha nyundo, mmoja akauliza mkwe wa Mama Scola amepatwa na nini. Mimi nilikuwa natazama mgongo wake tu. Hakugeuka. Nikadhani nimechelewa, au nimemwaibisha mbele za watu.

Halafu niliona mkono wake unatoka kwenye kanga. Akachukua kapu lake lililokuwa kwenye ubao wa nyuma yake, akalipakata. Ule ubao ndio ukawa nafasi yangu.

Tumekuja hivyo mpaka hapa, yeye akitazama mbele na mimi nikitazama tulikotoka. Hatukugusana. Mawimbi yalipozidi alishika ubao na mimi nikashika ubao. Karibu na Kibirizi alinipitishia muhogo wa kuchemsha kwa nyuma, bila kugeuka, nami nikapokea bila kugeuka, nikaula wote ili asiseme ninakula kidogo.

Kamera iko kwenye begi. Maiki ndefu Rahabu atairudisha kwa Hamdani. Fupi tuibakize.

Nina hofu kama wewe, sitakudanganya tena. Tukifika Mwanza nitakupigia. Ukipokea usiniulize habari za safari, niite kwanza. Ule wito niliusikia kwa mbali tu, mikono ikiwa na dagaa, na sijaushika vizuri. Kama atakaa bila sauti, lazima awepo mtu nyumbani anayeujua.

Wako,
Elikana